Mtoto Aliyechomwa Sindano Asilie

Kaka Yohana,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa hapa Ipogolo, mtoto wangu wa kwanza amelala mgongoni, na ninaogopa. Uliondoka kabla hajazaliwa, basi nikutambulishe: ni wa kike, anaitwa Neema, na pua ni yako hiyohiyo pana. Pua niliifurahia. Sasa naogopa umempa na kingine.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoa viazi kwenye makaa kwa mkono mtupu? Mama alipiga kelele, "Wewe Yohana, huo mkono wa nani?" Nawe ukamjibu, "Wa serikali, mama." Tulicheka mpaka machozi. Ngozi inabanduka, wewe unamenya kiazi! Kijiji kizima kilikuita dume. Hata kule Ubaruku, ulipoanguka shambani, wenzako walisema umevuna mpunga siku kadhaa bila kulalamika, kumbe kidole tumbo kimeshapasuka. Kaburini wakakusifu kwa uvumilivu. Uvumilivu gani, kaka? Hukuwa na cha kuvumilia.

Juzi kliniki nesi alimchoma Neema sindano. Foleni nzima watoto walikuwa wanapiga mayowe. Neema alimtazama tu, akachezea kifungo cha gauni la nesi. "Hongera mama, umezaa askari!" nesi akasema, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikamfunga mgongoni haraka.

Nikaenda kumwona daktari, nikamweleza habari zako. Akaniambia maumivu yana mishipa yake ya fahamu inayoyapeleka kwenye ubongo, na wapo watu ambao mishipa hiyo haikuota sawasawa tangu tumboni. Kasoro hiyo inatoka kwenye damu ya ukoo. Baba na mama wanaweza kuibeba wote wawili, wenyewe wazima kabisa, mtoto akaipata pande zote. Kisha akaniuliza mume wangu ni nani kwetu. Nikasema, mtoto wa mjomba. Si unajua wazee walivyofurahi? Daktari akavua miwani yake, akaanza kuifuta.

Mume wangu anasema mtoto alikuwa na usingizi tu. Nataka kumwamini. Neema analia njaa, analia nikimwacha peke yake, hilo nimemwambia daktari. Lakini akijigonga, sijamsikia akilia. Kutwa najiambia nimfinye nione. Vidole vinakataa, kaka. Nisipomfinya, bado ni mtoto mwenye usingizi.

Na sasa meno yameanza kuota. Nikifumba macho nauona ulimi wako, ile ncha uliyoitafuna ukiwa mchanga, mama akadhani umelogwa. Leo asubuhi Neema aliamka akanichekea, mdomo umejaa damu.

Pumzika huko uliko, kaka yangu. Nakuahidi nitamkagua kila jioni, ukucha kwa ukucha, ulimi, nyayo, tumbo, maadamu niko hai. Na atakayemwita jasiri mbele yangu, nitamfukuza nyumbani kwangu, hata akiwa mama.

Dada yako,
Tumaini