Niliposema Kodi Getini

Mwanangu Koku,

Hujambo huko ghorofani? Mimi niko hapa Ihanda, nimekaa barazani, kahawa imeanikwa mbele yangu, na macho yanataka kufumba. Kila yakifumba naliona geti lenu. Limesimama katikati ya kibanja chetu, migomba inapita pembeni yake bila kuulizwa, ni mimi peke yangu ninayesimamishwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka shule? Mlango wetu ulikuwa wazi mchana kutwa, lakini wewe ulisimama nje ukasema "kodi", maana huku kwetu ndivyo tunavyobisha hodi. Nami nilikujibu kutoka kwenye migomba, "Karibu, mgeni. Umetoka wapi?" Unasema, "Kwa mfalme." Halafu unakula ndizi zako kama mgeni kweli, miguu umeikunja.

Basi siku nilipokuja kwako Mwanza nikafanya hivyohivyo. Nikasimama getini na mkungu wangu wa ndizi, nikaita, "Kodi." Yule mlinzi akasema kwa adabu, "Shikamoo mama. Kodi inalipwa ofisini, siyo hapa." Nikaita tena, kwa sauti. "Mama, mimi sina ruhusa ya kuipokea." Ukashuka umeshika mbavu kwa kicheko, tumbo lako bado halijaonekana. Ukagusisha kadi, geti likajifungua lenyewe. Lifti nayo ikataka kadi, hata mlango wako. Ukaringa kidogo, ukasema, "Mama, hapa haingii mtu."

Neno hilo ndilo nililorudi nalo. Mwanzoni lilinituliza, maana mume wako na lori lake ni watu wa njiani. Sasa siku zako za kujifungua zimekaribia, nalisikia vingine. Uchungu ukikushika yeye hayupo, nani ataingia? Hapa ukilia mara moja, hata aliye ng'ambo ya bonde anaacha jembe. Huko kwako sikuona hata uso wa jirani wa mlango wa pili. Nilisikia sufuria zake tu, na asubuhi moja nikamsikia akiimba. Sauti nzuri, ya mtu aliyelea watoto.

Nitakuja, kahawa ikishakauka na kuingizwa ndani. Lakini mtoto hamsubiri bibi yake. Kwa hiyo, mwanangu, ukimaliza kusoma hapa usinijibu kwanza. Vaa kandambili zako, toka kwenye korido, simama mbele ya mlango wa huyo anayeimba. Sema kodi. Akidhani umekuja kumdai pango, cheka, kisha mwonyeshe tumbo. Kadi yako moja ikae kwake.

Mimi hapa nitafumba tena macho. Nitakuona umesimama mlangoni, na miguu ile ya vumbi la shule, na mtu ndani anaacha kuimba, anauliza umetoka wapi.

Ni mimi mama yako, mgeni wako wa getini.