Mpaka Darajani

Jumatatu, 12 Septemba 1994

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Danielle naye amefaulu — amenipita, kama kawaida yake, na kama kawaida yake anaona haya kulisema. Mama kapika pilau. Baba kafunga duka mapema, katangaza kwa majirani kwamba binti yake atakuwa daktari, kisha akaanza hotuba ya miguu.

Ndiyo, miguu. Chuo kizuri, kwa Baba, ni kile ambacho mwanafunzi anakwenda kila mahali kwa miguu. Kwenye basi watu wanateremshwa, wanaangaliwa pua na urefu, wengine hawapandi tena. Kwa miguu unapita, unasalimia, unakwenda zako. Nikamuuliza, nani huyo anayepita? Sisi, akasema. Sisi Waarabu wa mtaa wa Asiatique, wenye maduka, tusio Wahutu wala Watutsi. "Sisi hayatuhusu, Jokha." Huku anachagua mnofu kwenye sinia.

Pilau ilinishinda.

Jumatano, 14 Septemba

Danielle kaja asubuhi kutoka Cibitoke, mtaa wa Wahutu wenzake, pamoja na wanawake waendao sokoni. Asubuhi njia ni ya wote, kwa sababu wavulana wa bariyeri, wale wanaoziba njia kwa mawe, wamelala. Wanachoka, maskini, na kazi yao!

Tumekaa juu ya marobota ya vitenge kuchagua chuo. Tulishaahidiana tangu tukiwa shuleni kwa masista: chuo kimoja, benchi moja, udaktari. Vilivyopo ni hivi. Cha kilimani, chenye udaktari. Cha mapadri, karibu na soko, chenye uhasibu na kupiga taipu. Kigoma kwa meli na kwingineko — Danielle hataki, mama yake atabaki na nani?

Basi kilimani. Mara akaingia Loïc, Mtutsi aliyesoma na kaka Amjad, sasa yuko mwaka wa pili huko huko. Mtanashati, anamwamkia Mama kwa kuinama. Akakisifu chuo chake kama anayeuza sabuni. "Kule ni kutembea tu, ma chère. Ya kulala, ya kula, bibliothèque ya vitabu, vyote karibu. Mutu hapandi gari mwaka muzima."

Danielle akauliza, "Na mi?"

Loïc akanijibu mimi. Inategemea, akasema. Akaendelea kunitazama mimi, kama vile swali limetoka kwenye robota.

Ijumaa, 16 Septemba

Nina kinyaa. Nimenawa mikono mara kadhaa na sikushika kitu.

Jioni nilimsindikiza Danielle. Mwaka jana tu nilikuwa namfikisha hadi kwao, halafu yeye ananisindikiza kurudi, tukifika nusu ya njia namrudisha mimi tena, mpaka mama yake, Mama Daphrose, anatuita wendawazimu. Sasa hivi ni mpaka darajani, basi. Hapo mgeni anasema "Basi, rudi," na mwenyeji anarudi. Mwenyeji hageuki kabla hajaambiwa. Hiyo adabu bado tunayo. Vingine vyote tumetupa.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mawe katikati ya njia. Wavulana wamekaa juu yake wanatafuna muwa na kutema makapi. Kando yao baiskeli imelala na gunia la makaa bado limefungwa nyuma. Mwenye baiskeli hakuwepo. Hakuna aliyemuuliza yuko wapi, na mimi sikuuliza.

Mmoja wa watafuna muwa alikuwa Loïc. Shati limepigwa pasi. Rungu kalilaza magotini kama mzee na fimbo yake. Aliniona, akanipungia mkono!

Danielle akasema taratibu kwamba atapita chini, mtoni, kwa wachota mchanga. "Basi, rudi."

Nikarudi. Upesi kuliko adabu inavyotaka. Hilo nalo linanitia kinyaa.

Jumamosi, 17 Septemba

Nimemwambia Baba kila kitu. Mawe, rungu, baiskeli. Alisikiliza huku anakunja kitambaa. Akauliza, "Alikusalimu vizuri?"

Nikasema ndiyo.

"Basi."

Na karatasi yangu ya maombi ya chuo keshampa Loïc aipeleke kilimani. Jana asubuhi, bila kuniambia. Loïc kasema atahakikisha napata chumba kizuri, karibu na madarasa, nisihangaike kutembea mbali. Baba kamshukuru kwa kitambaa cha shati. Kitambaa kizuri, kile cha bluu. Nitakiona kwenye mawe, kimeshonwa.

Mama anasema nisikunje uso, mtoto wa kike haimpendezi.

Jumatatu, 19 Septemba

Ville morte. Mji umeamriwa ufe na umekufa. Duka limefungwa. Baba anacheza karata na Amjad na anashinda.

Alhamisi, 22 Septemba

Naandika nikiwa Cibitoke, kwao Danielle. Shajara ilikuwa kwenye mkoba, maana nikiiacha nyumbani Amjad ataisoma. Nianze mwanzo.

Danielle alikuja asubuhi na habari: anakwenda kwa mapadri. Kupiga taipu. Kutoka sokoni hadi pale ni hatua chache, wanawake watampitisha asubuhi, jioni atajua mwenyewe. Alisema taipu si mbaya. Huyu ambaye kwa masista alipasua chura na kututajia viungo vyote huku sisi tumeziba pua! Nilimwambia amekubali upesi. Akasema, "We unachagua chuo, Jokha. Mi nachagua njia."

Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Alasiri nikamsindikiza. Tulipofika darajani tukaona chini mtoni nako wamekaa wavulana. Wachota mchanga hawapo, makoleo yao yamebaki. Tukasimama pale tunaposimama siku zote. Nikangoja.

Danielle hakusema rudi.

Hakuniangalia wala hakuniomba. Alisimama tu na mfuko wake, amefumba mdomo. Na mimi nilijua kwamba nikigeuka bila kuambiwa, sitakuwa tena mtu wa kukaa naye kwenye robota lolote. Nikamshika mkono. Tukavuka.

Loïc akainuka. "Jokha! Karibu. We pita."

Nikasema niko na mgeni wangu, namsindikiza.

"Huyu?"

"Huyu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama Mwarabu amefungua duka la watu. Loïc hakucheka. Alimtazama Danielle kwa mara ya kwanza, polepole, tangu miguuni hadi usoni.

"Kumbe umeshachagua," akaniambia. "Pita basi. Lakini kwa kurudi, apana hapa."

Tukapita. Mgongo wangu wote ulikuwa sikio. Kitambaa bado hakijashonwa, alivaa shati lile lile jeupe.

Kwa hiyo sisi tunaopita kila mahali tumepungua mmoja. Na chumba karibu na madarasa nacho, kwaheri. Nilidhani ningelia. Nimekula maharage sahani mbili.

Ijumaa, 23 Septemba

Asubuhi. Mama Daphrose kanipa kitanda chake, yeye kalala chini, hakubali kubishiwa. Tulipanga niondoke mapema na wanawake wa soko, wavulana wakiwa wamelala.

Hawakulala. Jirani, Pascaline, amerudi sasa hivi na kikapu chake cha nyanya kimejaa vile vile. Anasema wako darajani tangu alfajiri, na kila mwanamke anaulizwa kama amemwona binti Mwarabu. Wanauliza kwa upole, anasema. Huo upole naujua.

Baba atakuwa amefungua duka. Atakuwa anamwambia kila mteja kwamba hayatuhusu, halafu anachungulia barabarani.

Mama Daphrose anasema nikae. "Mutoto wangu, kaa hata mwezi." Lakini wakinitafuta hapa wataikuta nyumba yake, na Danielle ndani yake. Nimesema naondoka. Kuna njia ya juu, ndefu, kupitia mashambani. Nitakwenda peke yangu, uso wangu bado una kazi huko ambako Loïc hajulikani.

Danielle anavaa viatu.

Nimemuuliza anakwenda wapi. Anasema mgeni anasindikizwa, ama kwetu Asiatique siku hizi tumeacha?

Nimemwambia mpaka mlangoni tu. Nimemwambia, rudi, Danielle, nakuambia kabisa kabla hatujatoka, rudi. Kainama, anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda.