Nyumba Isiyochangia

Jumamosi, 9 Septemba 2006

Nimesugua ngazi za mbele. Zote tatu. Magoti yanalia kama bawaba lakini marumaru imetoka nyeupe pe. Cleota wa mlango wa nne kapita, akasema, Dada Ardelia, utakufa umeshika hiyo brashi. Nikamwambia bora hivyo kuliko kuishi na ngazi kama zako. Akacheka mpaka akakaa chini — juu ya ngazi zangu, bado mbichi! Kaenda kwake sketi imelowa makalioni. Safi sana.

Barua imekuja, bahasha ndefu, ya ofisi ya majengo ya kale. Nimeijaribu. Nimeanza kujua kusoma nikiwa na miaka sabini na moja, kwenye darasa la chini ya kanisa, kwa hiyo maneno marefu hunitoa pumzi. Atasoma binti yangu Verlene kesho baada ya ibada.

Jumapili, 10 Septemba

Verlene kasoma. Kumbe habari njema! Mtaa wetu wote unaandikishwa kuwa mtaa wa kihistoria. Nyumba ikiingia kwenye orodha, hakuna wa kuibomoa hivihivi. Kila nyumba wameiandikia neno lake. Ya Cleota: inachangia. Nyumba ya kona yenye kinyozi: inachangia. Ile ambayo paa limeingia ndani na njiwa wanataga kitandani: inachangia!

Yangu: haichangii.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mimi! Mume wa Cleota alipofariki, sufuria zilitoka jiko la nani? Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakula kaa wa baharini wapi kila Julai, meza imefunikwa magazeti mpaka huku barazani? Haichangii!

Verlene akacheka mpaka akashika ubavu. Mama, si michango hiyo! Ni neno lao tu. Maana yake haichangii historia ya mtaa. Ni kwa sababu ya lile jiwe la mbele.

Basi sikuona cha kucheka.

Jumatano, 13 Septemba

Binti wa ofisi kaja mwenyewe, nilimpigia simu mara tano. Meredith. Mwembamba, viatu vya matope, heshima anayo. Nimempa samaki wa kukaanga na mkate, kala vyote, kwa hiyo namwamini.

Kaeleza polepole. Nyumba hizi zimejengwa kwa matofali mekundu, na matofali ndiyo wanayoyatunza. Yangu imepakwa jiwe la bandia, matofali hayaonekani. Mtu akitaka iingie kwenye orodha, anabandua jiwe.

Nikamuuliza, bandia nini? Linwood, marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo. Mchana anabandika nyumba za watu, na yangu kaibandika mwenyewe, jioni na sikukuu. Tabaka tatu za saruji. Ya mwisho ina rangi, halafu anabandika karatasi ya nta na kupitisha roli ili sura ya jiwe itoke. Halafu kile kigurudumu cha kuchorea mistari. Halafu unga unaometameta, anaupuliza kwa mdomo. Mawe mia mbili na kumi na moja mbele ya nyumba yangu na hakuna mawili yanayofanana. Hayo ndiyo bandia?

Binti kainuka, katoka nje, kagusa ukuta kwa kiganja. Kisha kaniambia mambo mawili.

La kwanza baya. Nyumba mbili zilizo baada ya yangu, zile tupu, zimenunuliwa na kampuni inayotaka kujenga maegesho ya magari. Mimi nikiwa nje ya orodha, mstari wa mpaka unaishia kabla ya mlango wangu, na zile mbili zinabaki nje pamoja nami. Watazivunja. Na nyumba zetu zimeshikana kuta. Ukiivunja ya jirani umenivua nguo.

La pili: kitu kikipita miaka hamsini, chenyewe kinakuwa cha kihistoria. Hata saruji. Akauliza, Bi Ardelia, jiwe hili lilibandikwa mwaka gani?

Nikamwambia, wiki aliyozaliwa Verlene.

Jumapili, 17 Septemba

Sasa hapa ndipo penye shughuli.

Verlene ana miaka hamsini na mmoja. Nilikuwepo. Lakini Leander Gough, yule mgane anayeendesha gari la kanisa, ambaye atamwoa Novemba, anaamini ana arobaini na nne. Kamwambia hivyo mwenyewe, mbele yangu, huku anamkatia keki. Nusura nimeze kijiko. Ana mtoto wa kiume wa miaka thelathini na moja! Leander haulizi. Ama ni mstaarabu ama ni mvivu wa hesabu. Yeye ana arobaini na tisa na anajiona ndiye mkubwa, anamfungulia mlango, anamwita msichana wangu.

Na mume wake wa kwanza alimwacha kwa ajili ya nani? Binti wa miaka ishirini na sita. Sijasahau. Verlene alikaa chumba cha juu hapa miezi minne hataki hata kuchana nywele. Mimi ndiye niliyemchana.

Kwa hiyo simcheki. Namcheka kidogo tu.

Jumatatu, 25 Septemba

Nimeipata picha! Ilikuwa ndani ya Biblia ya mama mkwe. Roscoe, mdogo wake Linwood, ndiye aliyepiga. Mimi niko chini na kichanga cha siku nane, sura imekunjamana kama soksi. Linwood yuko juu ya ubao, kigurudumu mkononi, ukuta umefika nusu — chini mawe, juu matofali. Ananitazama mimi, hatazami kamera. Mjinga yule.

Nyuma hakuna kitu. Si mwaka, si jina. Nani angeandika? Mimi sikujua kuandika, na yeye alijua kuandika jina lake tu.

Meredith kaja mbio. Kaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kuna gari la jirani pembeni, anasema ni la mwaka hamsini na tatu, lakini gari linaweza kuegeshwa palepale miaka kumi. Kampuni ya Linwood ilikwisha kufa, na vitabu vyao pia. Kwa hiyo ushahidi ni mmoja. Kichanga. Jina lake na cheti chake cha kuzaliwa, na aje mwenyewe aseme huyu ni mimi.

Nikauliza, haiwezekani cheti kisomwe kimyakimya? Haiwezekani. Kikao cha kuamua orodha ni cha hadhara. Kila karatasi inasomwa kwa sauti.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimemwambia Verlene. Alikuwa anamenya viazi. Kaweka kisu chini.

— Mama, usithubutu.

— Sijathubutu kitu. Nakwambia tu walichosema.

— Mchungaji ametangaza kanisa zima liende kwenye kikao! Unajua nani anaendesha gari?

— Leander.

— Leander! Atakuwa amekaa pale, mstari wa mbele, na wasome... Mama!

— Mwambie leo, basi. Mwambie wewe kabla ya cheti.

— Nimwambie nini? Kwamba nimemdanganya mwaka mzima?

— Umemdanganya miaka saba. Mwaka mzima ni muda tu uliotumia.

Hapo nilikosea. Mdomo wangu huu! Kachukua mkoba, kaenda, na viazi nusu vimebaki na maganda. Nikavimalizia mwenyewe. Nikavila mwenyewe pia, na chumvi haikuwa sawa.

Jumapili, 1 Oktoba

Verlene hakuja kanisani. Leander kaniuliza kulikoni, nikasema kichwa. Kaninunulia chungwa kwa mzee wa mkokoteni wa farasi, eti nimpelekee mgonjwa. Mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi, angekuwa mbaya ningekwisha sema.

Cleota ana dawa yake. Anasema niape tu kwamba Linwood alimaliza jiwe mwaka arobaini na tisa, nani atabisha, mashahidi wote wako makaburini. Nikamwambia, Cleota, niinue mkono mbele za Mungu niseme uongo juu ya plasta? Akasema, Mungu mwenyewe ana nyumba, ataelewa.

Jumatano, 4 Oktoba

Mwanamume wa ile kampuni ya maegesho kapiga simu. Sauti laini. Anasema nyumba ni kuukuu, nami nimechoka, kuna majengo mazuri ya wazee yenye lifti. Nikamwambia mama yako amechoka. Nikakata.

Baadaye nimekaa chini nikawaza. Miaka hamsini na nane ndani ya kuta hizi. Hivi mtu wa umri wangu anahamisha nini? Sahani, ndiyo. Na pale dirishani ninapomjua kila apitaye kwa kikohozi chake, hapo unapaweka kwenye sanduku lipi?

Nimeulizia pia bei ya kubandua. Fundi kaja, kijana mdogo kuliko buti zake, kapimapima. Anasema jiwe limeshika sana, aliyeliweka hakuwa mchezo. Likitoka litatoka na nyuso za matofali. Nikamwambia, kwa hiyo? Akasema kwa hiyo, bibi, hutakuwa na jiwe wala matofali.

Nikampa kahawa akaenda zake.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeamua. Naandika hapa ili nisijigeuze.

Nitapeleka picha. Nitasema jiwe ni la mume wangu, lina zaidi ya miaka hamsini, na huo ni ukweli. Wakiuliza kichanga ni nani, nitasema mwanangu. Wakiuliza amezaliwa lini, nitanyamaza. Wakiandika haichangii, waandike. Umri wa Verlene ni wa Verlene. Nimemzaa, sikumnunua.

Nimempigia, nikamwambia hivyohivyo. Akasema, Mama, umekula? Nikasema nimekula. Akasema, uongo. Akakata.

Kwa kweli nilikuwa sijala.

Jumanne, 10 Oktoba

Niko kwenye kiti cha korido, jengo la manispaa, saa tano za asubuhi. Wajumbe wanajadiliana, wametufungia nje. Naandika kwa kalamu ya Meredith.

Kanisa zima lilijaa ukumbini. Kofia tupu! Cleota kavaa ile ya zambarau, nyuma yake mtu haoni kitu. Leander mstari wa mbele, kama ilivyosemwa. Verlene hakuonekana.

Niliitwa. Wako saba mezani, katikati mwenyekiti mwenye miwani ya kamba. Nikasema habari ya tabaka tatu, karatasi ya nta, unga wa kumeta. Mmoja wao aliacha kuandika akasikiliza. Yule mwanamume wa maegesho naye alikuwepo, tai ya bluu, anasema kwa adabu kwamba hakuna tarehe. Picha ikapita mkono kwa mkono. Kweli, akasema mwenyekiti, hakuna tarehe. Akaniuliza, Bi Ardelia, mtoto huyu ni nani?

Mwanangu.

Amezaliwa lini?

Nikanyamaza. Nilivyosema nitafanya ndivyo nilivyofanya. Akauliza tena, kwa upole, akidhani sisikii. Cleota huko nyuma akaguna kwa nguvu. Nikatazama mikono yangu. Mwenyekiti akasema, basi, kama hakuna zaidi —

Yupo zaidi! Ndivyo alivyosema. Yupo zaidi.

Verlene. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, koti mkononi, nywele amechana vizuri. Kapita katikati ya viti vyote. Alipofika kwa Leander kasimama, kampa koti lile alishike, kama anavyompa kila siku kanisani. Kisha kaja mpaka mezani, kaweka karatasi.

Akasema, huyo kwenye picha ni mimi. Tarehe kumi na nne Juni, elfu moja mia tisa hamsini na tano. Nina miaka hamsini na mmoja.

Kwa sauti! Karani akamwomba arudie kwa ajili ya kumbukumbu. Masikini, mwanangu akarudia. Hamsini na mmoja. Kofia zote zikamgeukia. Mwanamume wa tai ya bluu akaiomba karatasi, akaisoma mbele na nyuma.

Verlene hakunitazama. Alipita karibu yangu nikamshika kidole kimoja tu, akakiacha kidogo, akaendelea.

Ndipo wakatutoa nje.

Sasa Meredith anazunguka huku na huku anauma kucha. Anasema wanne wakisema ndiyo, inatosha. Sijui wanne ni wepi. Yule aliyeacha kuandika labda.

Verlene kakaa mwisho wa korido, kwenye benchi karibu na mashine ya maji. Leander kamfuata. Wamekaa, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Yeye Verlene anasema kitu, anatazama sakafu, anasema tena. Cleota anataka nisogee tukasikilize. Nimemwambia akae chini.

Leander kauliza jambo. Fupi. Verlene kajibu kwa kichwa.

Siwasikii. Nimetega sikio zuri na bado siwasikii. Naona tu kwamba koti bado liko mapajani mwake yule bwana, hajalirudisha, na anaikunja kola yake vizuri, polepole, na kuilaza —

Mlango umefunguliwa. Karani anasema turudi ndani, wamemaliza. Watu wote wameinuka. Wale wawili bado wamekaa.