Kidole Gumba Kwenye Kikombe

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimekuwa mfanyabiashara wa kimataifa. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kusikia.

Duka nimelifungua kwenye soko la mtandaoni, la ng'ambo. Linaitwa Kuku wa Bibi. Nimepiga picha kuku aliyechorwa na Bibi, nimeipandisha, nimechagua kikombe cheupe, basi. Mtu wa huko akimpenda kuku, ananunua. Kiwanda cha hukohuko kinamchapa kwenye kikombe, kinafunga boksi, kinampelekea. Mimi sishiki kikombe, sishiki boksi, sishiki hata gundi. Changu kinaingia kwenye akaunti. Nani alisema mimi mvivu? Mvivu hufanya kazi kidogo. Mimi sifanyi kabisa.

Nimemweleza Mama akiwa anaanua nguo. Akauliza, hivyo vikombe viko wapi? Nikamwambia bado havipo, vinatengenezwa mtu akishanunua. Akaniangalia kama vile namuuzia mvua ya kesho.

"Yaani unauza kitu ambacho hakipo, kwa watu usiowajua?"

Nikasema ndiyo, na huo ndio uzuri wake. Akaondoka na beseni lake.

Ijumaa, 7 Februari

Hakuna mteja. Kawaida. Matajiri wote walianza hivi — sijasoma popote, lakini nahisi.

Bibi amechora wengine. Kuku anayekimbia mvua. Jogoo mwenye miwani. Na kuku amekaa kwenye cherehani anashona, huyo ni hatari. Bibi alikuwa fundi cherehani mpaka miguu ilipogoma kukanyaga pedeli. Chaki za kuchorea vitambaa bado anazo, na karatasi za kaki alizokuwa akikatia vipimo, bunda zima chini ya kitanda. Shida yake karatasi hizo hazitulii. Zimeviringishwa miaka, ukizikunjua tu zinarudi zilikotoka. Kwa hiyo mkono wa kushoto unashikilia kona, wa kulia unapiga picha. Kazi ya kitaalamu.

Bibi ananiita mume wangu, nami namwita mke wangu. Leo kaniuliza, "Mume wangu, hao wateja wako wamefika?"

"Wamejipanga foleni, mke wangu."

"Foleni ya watu, au umesimama peke yako?"

Jioni Mjomba akapiga simu. Huyu ni kaka yake Mama, kifungua mimba wa Bibi. Ana kiwanda cha matofali mji mwingine, mbali kidogo, na lori lake. Anatafuta mtu wa kupanga matofali. Mtu mwenyewe ni mimi. Mama kanipa muda mpaka Mjomba atakapokuja kumwona Bibi, mwanzo wa mwezi wa nne. Kasema nimwonyeshe kitu kimoja cha biashara yangu anachoweza kukishika kwa mkono. Kimoja tu. La sivyo napanda lori.

Nikasema hilo dogo.

Jumanne, 18 Februari

NIMEUZA!

Kikombe kimoja, kuku wa cherehani. Simu ililia nikiwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Nikaruka. Kinyozi akasema tulia, nitaondoka na sikio. Nikamwambia aende taratibu, ananyoa mtu wa kimataifa. Akasema wa kimataifa ndio wanaoongoza kwa kusahau kulipa.

Bibi alitaka kujua ni nani. Mwanamke, nikamwambia, mji wake siwezi kuutamka.

"Anajua mimi ni nani?"

"Nimeandika pale dukani kwamba tuna idara ya wachoraji wenye uzoefu."

"Idara ina watu wangapi?"

"Sijataka kuwachosha wateja na hesabu."

Akacheka mpaka kilemba kikamfunika macho.

Jumatatu, 3 Machi

Balaa.

Mteja ameandika. Programu ya kutafsiri inasema hivi: kikombe kimefika, kuku ni mzuri, ila hicho kidole gumba cha pembeni ni cha nani?

Ametuma picha. Ndiyo mara ya kwanza naiona bidhaa yangu, tena kwenye meza ya mtu mwingine. Kikombe cheupe. Karatasi ya kaki imetokea vizuri, chaki imetokea vizuri, kuku yuko kwenye cherehani anachapa kazi. Na kwenye kona ya chini, kidole changu. Kimenona! Ukucha una grisi ya mnyororo wa baiskeli. Siku ile nilikuwa namtazama kuku tu, nani anatazama kidole chake mwenyewe?

Akilipima duka kwa nyota moja kati ya tano, itaniua. Duka lenye mteja mmoja na nyota moja ni kaburi. Nilitaka kuzima simu niitupe chini ya kitanda. Badala yake nikaandika: Kidole ni cha mkurugenzi. Hakuna mchoro unaotoka hapa kabla hajaushika mwenyewe.

Nikatuma kabla akili haijarudi.

Jumanne, 4 Machi

Nyota tano. Tano zote, zimejaa.

Kaandika kwamba anaishi peke yake, na kila asubuhi akikishika kikombe anaona kama kuna mtu amekishika upande wa pili. Nikakimbia kumsomea Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo anakunywa chai na kidole chako."

"Na kuku wako, mke wangu."

"Na kuku, amesema nini juu yake?"

Nikatazama tena. "Amesema ni mzuri."

"Neno moja. Kidole kimepewa barua nzima."

Amenuna. Ana wivu kama mke wa kweli.

Jumatano, 12 Machi

Yule mteja amewaonyesha wenzake. Oda zinaingia! Vikombe, mfuko wa kitambaa, hata aproni moja. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kuwa makini, nikakikata kidole kwenye picha zote. Duka la hadhi yangu haliwezi kwenda na grisi.

Ijumaa, 14 Machi

Wateja wanauliza kidole kiko wapi. Mmoja anasema amedanganywa. Nimekirudisha mbio.

Halafu nikafanya ujinga. Nilimweleza Bibi, tena kwa kujisifu. Nikamwambia bila kidole changu kuku wake hawatoki.

Akaweka chaki chini.

"Sichori tena."

"Ah, mke wangu, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Umeniambia kuna vikombe, sijaona kikombe. Umeniambia kuna watu, sijaona mtu. Labda hakuna chochote huko, ni wewe na kidole chako. Siku nitakayokishika kikombe, nikamwona kuku wangu kwa macho yangu haya, nitachora. Kabla ya hapo usinisumbue."

Chaki akaitia chini ya mto, akaulalia.

Sasa Mama anataka kikombe, Bibi anataka kikombe. Nikasema tatizo liko wapi, mwenye vikombe si mimi? Nikaenda kuagiza kimoja. Pale pa kuchagua nchi ya kupelekewa mzigo nikashuka mpaka chini. Nikapanda mpaka juu. Nikashuka tena. Nchi yetu haimo. Kiwanda hakileti huku.

Nauza dunia nzima isipokuwa nyumbani kwetu.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwandikia yule mteja wa kwanza. Siku hizi hapa nyumbani anaitwa Mama Kikombe, jina kapewa na Bibi, kwa kejeli. Nimemwambia kila kitu: mkurugenzi ni kijana tu, idara nzima ni bibi yake, na idara imegoma. Nikamwomba anunue kikombe kingine huko kwake, kisha anitumie kwa posta. Gharama nitarudisha.

Kajibu kabla sijamaliza kula. Anasema kingine kitachelewa kutoka kiwandani, kwa hiyo anatuma hichohicho chake, na yeye ataagiza kipya. Pesa hataki. Anachotaka ni kuwa wa kwanza kumwona kuku mpya. Nimpe anwani: mtaa, namba ya nyumba.

Hapo nikakwama. Nyumba yetu haina namba. Sisi ni mlango wa buluu nyuma ya kinyozi, uliza utaonyeshwa. Kwenye ukoo mzima mwenye sanduku la posta ni mmoja tu.

Mjomba.

Nikampigia. Alicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

"Ngoja nielewe. Unataka mimi nikuletee kitu cha kukuzuia usije kunifanyia kazi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mpwa wangu, una uso mkavu."

Lakini namba ya sanduku kanipa.

Jumamosi, 29 Machi

Hakuna boksi. Nikimpigia Mjomba anasema hakuna kabla hata sijamsalimu.

Oda zimepoa. Waliokuja wameshawaona kuku walewale, wanauliza wapya. Nimejaribu kuchora jogoo mwenyewe, kwa siri. Bibi kaikuta karatasi, kaitazama sana.

"Hili buli lina miguu?"

Mama amefua suruali yangu ya kazi, ameikunja, ameitia kwenye begi. Begi liko karibu na mlango. Kila nikipita nalikwepa kama mbwa wa jirani.

Kupanga matofali naweza. Nikienda nitapanga kuliko wote, watu watakuja kutazama ukuta. Ila sitaki. Hili la vikombe ni langu. Sijawahi kuwa na kitu mtu akakiulizia kiko wapi.

Jumamosi, 5 Aprili

Limefika! Mjomba kalikuta posta leo. Anakuja nalo kesho.

Nikamuuliza amelihifadhi wapi. Kwenye lori. Wapi kwenye lori? Nyuma, kwenye matofali anayompelekea mtu njiani.

"Mjomba, humo ndani kuna kikombe."

"Hukuniambia ni kikombe. Ulisema mzigo."

Kweli nilisema mzigo. Nilitaka kionekane kikubwa.

Jumapili, 6 Aprili

Mjomba ameingia na boksi mikononi, kalibeba kama mtoto mchanga. Kona moja imebonyea. Sikuhitaji kulitikisa, lilikuwa linalia lenyewe akitembea. Hakunicheka, hilo namshukuru. Alisema tu barabara ni mbovu, na kwamba alilifunika na turubai.

Nikampelekea Bibi kitandani. Nikataka kumsaidia, akaniondoa mkono. Alikata ule utepe wa gundi kwa mkasi wake wa zamani, polepole, kama anayefumua mshono asichane kitambaa.

Vipande. Mkono wa kikombe uko peke yake.

Nikageuka nikaenda kuchukua begi, mimi mwenyewe. Mjomba alikuwa ameshalipakia kwenye lori. Nikarudi ndani sina hata cha kubeba.

Bibi alikuwa anavipanga vipande juu ya shuka, mapajani, kama anavyopanga gauni kabla halijashonwa. Hiki hapa, hiki pale. Kuku akatokea. Cherehani ikatokea, ufa umepita kwenye gurudumu. Akaweka kipande cha mwisho, kile cha pembeni, kizima kuliko vyote. Kidole changu.

"Mguu huu niliukosea," akasema. "Tazama, wameuchapa na kosa lake." Alisema kama anawasifia.

Halafu akakigeuza kipande cha chini. Ndani yake kulikuwa na duara la kahawia, limeganda, la chai ya kila siku. Akalikwaruza na ukucha. Halikutoka.

"Kimenywewa hiki," akasema. Akanitazama. "Kuna mtu kweli huko."

"Si nilikwambia, mke wangu."

"Uliniambia na mambo mengine mengi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Akaja, akauokota ule mkono wa kikombe, akapitisha vidole vyake ndani kama mtu anayetaka kuinua anywe. Akakaa nao hivyo. Nilitaka kumkumbusha alichosema, kitu kimoja cha kushika kwa mkono. Sikumkumbusha. Akaurudisha kwenye shuka taratibu, kila kitu mahali pake, akatoka.

Honi imelia. Mjomba anasema mvua inakuja, twende.

Bibi ameinua mto. "Mume wangu, karatasi."

Nimevuta bunda, nimekunjua. Limejiviringisha.

"Shika."

Ndiyo maana leo mwandiko ni mbaya kuliko siku zote. Daftari liko gotini, naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye kona ya karatasi. Anachora kuku amekaa juu ya lori la matofali, amekunja nne. Ana sura ya Mjomba kabisa. Mama Kikombe atakuwa wa kwanza kumwona, niliahidi.

Honi tena. Namsikia Mama huko nje anaongea na kaka yake kwa sauti ya chini. Siyapati maneno. Kuna kitu kinavutwa kwenye lori, sijui ni turubai linafungwa au ni begi langu linashushwa. Ningechungulia dirishani, ni hapo tu. Nimejaribu kuinuka kidogo.

Bibi hajanyanyua hata kichwa. Anasema nisisogeze kidole.