Umebaki Kwenye Picha ya Ndege za Vita

Mama Neema wangu,

Jana kanisani nilisinzia wakati wa matangazo, nikakuona. Ulikuwa unatembea kando ya mto nisioujua, umevaa kile kitenge chako cha samawati chenye maua ya njano, na nyasi zimekufika kiunoni. Hukuwa na haraka hata kidogo. Juu yako kulikuwa na ndege nyingi zimetulia tu hewani kama nguo zilizoanikwa, hazina sauti. Nikataka kukuita, lakini mama wa kiti cha nyuma akanigusa bega. Kumbe nilikuwa nakoroma. Ungekuwepo ungenicheka mpaka sadaka ipite.

Basi leo Brian wangu ameenda kazini, Neema ako shuleni, nimekaa hapa dirishani nikasema wacha nikuandikie. Unajua mkono wangu si wa kuandika. Shule niliachia darasa la sita, na barua ya mwisho niliyoandika kwa kalamu ilikuwa ya kumwambia mama yangu nimefika Amerika salama. Lakini kuna habari siwezi kukupa kwa maombi, kwa sababu kwenye maombi mimi huanza kulia halafu nasahau nilichotaka kusema.

Kwanza, Neema ni mzima. Usiwe na wasiwasi, huu wangu unatutosha wote wawili. Anakula, analala, na sasa ananizidi urefu. Nimempa chumba cha Brian, na Brian analala sebuleni bila kulalamika, au analalamika kwa sauti ndogo. Bado ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Kilichonitia hofu ni kwamba tangu tukuzike hakukutaja hata mara moja. Watu wakikutaja, anavuta kofia ya sweta juu ya kichwa na kutoka. Sikumwona akilia. Mimi nalia hata nikimenya vitunguu visivyowasha, yeye macho makavu. Halafu siku moja, naosha vyombo, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama ile picha ya mama yake iliisha.

Wacha nianzie mwanzo. Si kwamba umesahau, ila mimi nikianzia katikati hupotea.

Unakumbuka sherehe ya kuzaliwa ya Brian, ile tuliyofanyia kwenye bustani ya kando ya mto kule Arlington, ndege zinapopita chini kabisa zikienda kutua? Watu hutandika blanketi pale wakitazama matumbo ya ndege. Nilidhani ni mahali pazuri pa watoto. Ndege ya kwanza ilipokuja, kila mtu aliinua mikono akishangilia. Wewe ulichukua kifuniko ukafunika sufuria ya pilau, halafu ukawakusanya watoto wote chini ya meza na kuwalalia. Wao walifikiri ni mchezo. Ilipopita ukasimama, ukakung'uta nyasi kwenye kitenge, ukaniona nimeganda na sahani mkononi.

"Ninyi ba Kenya," ukaniambia, "ndege kwenu inaletaka batalii. Kwetu ilikuwa inaletaka kilio."

Nikakuuliza mbona sufuria kwanza. Ukanitazama kama nimeuliza mbona mtu anapumua. "Vumbi itaingia. Ndege ikishapita, nyuma tutakula nini?" Ukasema ndivyo mama yako alivyofanya kule milimani kwenu, kila mara ndege za vita zilipokuja. Kisha ukatupakulia, ukanipa mnofu mkubwa.

Kisa hicho ulimsimulia Bwana Walter pale Falls Church, ulipokuwa unamuuguza mkewe. Yeye maisha yake yote alichora ndege za vita tu, zimejaa ukutani mpaka chooni. Ulikuwa ukiniambia, mzee huyu anachora vizuri lakini chini ya ndege zake hakunaka bantu, hata mtu mmoja. Wakati ule alikuwa na kazi kubwa. Familia za marubani fulani zilimwomba azichoree shambulio la wazee wao katika ile vita ya dunia, ile ambayo hata babu yangu walimpeleka Burma. Wazee hao, siku hizo vijana tu, waliruka mchana kweupe, chini chini kuufuata mto, karibu waguse miti, ili mizinga isiwahi kuwalenga. Wakalipua daraja la adui. Daraja lilianguka, na wengi wao hawakurudi. Bwana Walter alisema hakuna aliyeamini kwamba jambo lile linawezekana, hata waliotumwa wenyewe hawakuamini.

Basi alipokusikia, kesho yake akakuomba usimame nyuma ya nyumba ukiwa na sufuria. Ulinipigia simu huku unacheka: "Anataka kunichora, na hataki hata sura, anataka mgongo." Wiki nzima ulilalamika kiuno kwa kuinama vile.

Uliondoka picha haijaisha. Uliamka ukiumwa kichwa, jioni hukuwepo. Hapo siandiki zaidi.

Bwana Walter aliniomba nichukue kazi yako, kwa hiyo picha ilikua mbele ya macho yangu kama mtoto wa jirani. Nikifika asubuhi nakuta mto umepata mwanga. Siku nyingine vivuli vya ndege vimeshaanguka juu ya maji. Ndege ni kubwa, zinakuja karibu zitoke ukutani, na daraja liko mbali kwenye ukungu. Chini kwenye kona kuna nyumba ndogo ya mawe, na mbele yake uko wewe, huzidi kidole gumba changu. Alikuvisha nguo za wanawake wa nchi ile ya daraja, na kitambaa kichwani. Lakini mgongo ni wako. Mtu yeyote aliyewahi kukusaidia kusonga ugali angeujua. Umeinama unafunika sufuria, na juu hutazami. Wakati mwingine mama wa nyumba akishalala, nilikuwa navuta kiti nakaa na wewe, na nilikuwa nasikia hata harufu ya moshi wa kuni, Mungu ni shahidi.

Kwa hiyo Neema alipouliza nikasema ndiyo, imeisha, mama yako yumo, nitakupeleka. Nilisema kabla ya kufikiri. Juma lile lile akaja Carol.

Carol ni binti wa Mzee Eugene, na Mzee Eugene ndiye aliyebaki peke yake katika vijana wale wa shambulio. Carol ndiye anayeongoza zile familia. Alisimama mbele ya picha akalia kwa furaha, akamshika Bwana Walter mikono yote miwili. Halafu akakuona. Akauliza huyu ni nani, na kwa nini yuko hapa, kwa kuwa picha ni ya vijana ambao hawakurudi, na wao hawakuomba mwanamke. Hakuuliza kwa ubaya, Mama Neema, nisije nikamsingizia. Alisema baba yake imemchukua maisha yote kujifunza kulala usingizi, hataki aanze tena kuwafikiria watu waliokuwa chini. Mimi nikiwa binti yake labda ningesema hivyo hivyo. Familia nazo zikakubaliana naye: pale kwenye kona pachorwe nyasi, la sivyo picha haitatundikwa.

Bwana Walter hakubishana. Amezeeka sana tangu uende. Alikuwa anachanganya rangi ya kijani kwenye kibao chake, anaitazama, halafu anaiacha ikauke. Kila asubuhi kabla ya kuvua koti nilikimbia kwanza kuangalia kama bado uko. Niliomba. Nilifikiria kumwambia Neema picha imeuzwa mbali. Nilifikiria hata kuficha ile rangi ya kijani, mtu mzima mimi. Mwisho Bwana Walter akasema Mzee Eugene mwenyewe aje aione, na neno lake ndilo litakuwa la mwisho.

Nikaomba ruhusa nije na Neema siku hiyo. Nilitaka akuone walau mara moja kabla hujafunikwa.

Mzee Eugene aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, mwembamba kama mtu aliyechorwa kwa penseli. Yeye ndiye aliyekuwa analala kifudifudi kwenye pua ya ndege, mahali pa vioo, anatazama ardhi mpaka wakati wa kuachilia mabomu. Alizitaja ndege moja moja na waliokuwa ndani, wengine kwa majina ya utani. Alizungumza kama vile wako chumba cha pili wanamngoja. Kisha akaomba afutiwe miwani. Akainama, akainama, mpaka nikaogopa ataanguka.

"Huyu anafanya nini?"

Bwana Walter akanitazama mimi. Na wewe unajua Kiingereza changu, siku ninayokihitaji ndiyo siku kinayonikimbia. Nikasema kwa Kiswahili tu, kwa sauti ndogo, anafunika chakula. Neema alikuwa mlangoni, kofia juu ya kichwa. Nikamsikia anasema kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwamba huyo ni mama yake, na anafunika chakula ili kiwepo cha kula baadaye.

Mzee akauliza, baada ya nini?

"Baada ya nyinyi kupita," Neema akamjibu.

Nilitaka kumvuta mtoto mkono na kuomba msamaha, unanijua. Carol akaweka mkono begani mwa baba yake. Yule mzee akaanza kuzungumza polepole, macho kwako. Akasema siku ile waliruka chini kiasi kwamba aliona kuku. Kuku wakikimbia uani, na shuka jeupe kwenye kamba. Tangu arudi amesimulia habari ya wale kuku kila mahali kwa sababu inachekesha watu. Lakini hakuwahi kujiuliza ni nani aliyeanika lile shuka.

Akamgeukia Neema, akamuuliza kama ndege yake ingeanguka shambani kwa huyu mama, angempa naye chakula?

Neema akacheka. Mama Neema, akacheka kile kicheko chako cha puani. "Angekulisha kwanza," akasema, "halafu angekugombeza mpaka utamani kurudi kwenye ndege."

Tukacheka sote, hata Carol huku anajifuta machozi. Mzee Eugene akasema, "Mwacheni hapo."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Woodbridge ndipo Neema alipolia. Alilia kwa sauti, akakuita "maman, maman" kama alipokuwa mdogo. Barabara ilikuwa imefungana kabisa, magari yamesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nikamshukuru Mungu kwa foleni, kwa sababu niliweza kuachia usukani nikamshika.

Sasa umetundikwa Arlington, kwenye ukumbi wao. Siku ya kuifunua picha walisoma majina ya vijana, na kila familia ikasimama ilipoitwa. Kwenye meza kulikuwa na picha zao za zamani. Niliziangalia moja moja, Mama Neema, na wote walikuwa Brian tu, ndevu hazijakaza, masikio makubwa. Nikawaza mama zao walivyokaa wakisikiliza mlango. Sikuweza kumchukia yeyote. Watu walitazama ndege kwanza, na ni haki yao, ujasiri ule si mdogo. Halafu wachache waliinama kwenye kona, wakakaa pale kidogo. Mzee Eugene akatia sahihi nakala za familia kwa penseli, kama ilivyo desturi ya picha hizi, na moja akampa Neema. Iko juu ya kitanda chake.

Ninakuahidi hili. Neema ni wangu kama aliyetoka tumboni mwangu, na nitajitahidi nisimfungie ndani kwa hofu zangu. Akitaka kwenda mbali, nitamsindikiza mpaka mlangoni kwa uso mzuri, na kulia nitalia nikirudi peke yangu. Kiswahili nitaendelea kumsemesha. Ajibu kwa lugha anayotaka.

Na sasa habari ya mwisho, ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mzee Eugene amefariki wiki iliyopita, usingizini. Carol alinipigia simu mwenyewe, mimi, kabla ya watu wake wengi. Akasema baba yake alimwambia Neema, siku ile ya kuifunua picha, kwamba kufa hakumtishi, vijana wake wanamngoja. Alichoogopa ni kukutana na wale waliokuwa chini.

Basi yuko njiani, rafiki yangu. Ni mrefu, amepinda mgongo, macho ya kijivu. Huenda atasimama mbali, asijue kama anaruhusiwa kukaribia. Usimngoje aje. Mwendee wewe, umshike mkono, umtafutie mahali pa kukaa. Habari ya ndege usimuulize mpaka apumzike.

Kwaheri kwa leo, mama.

Ni mimi wako,
Mama Brian