Chupa za Kahama

Mama Kabula,

Shikamoo. Mwezi umepita tangu tukuzike kijijini kwenu Samuye, na bado nikiingia maabara asubuhi nageukia kwenye karo kukuamkia. Sasa anaosha chupa binti mwingine, mpole, ila hana wimbo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo tulilimaliza kwa mdomo, mimi na wewe, lakini kwenye karatasi lilibaki.

Unakumbuka nilivyokuja Shinyanga. Mtoto wa Tanga, cheti mkononi, Kisukuma hata cha salamu sikijui. Ukaniita ng'wanone, mwanangu, ukanifundisha kula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga.

Kisha zikaja chupa za Kahama, za maji ya kupimwa. Kijito cha huko kilipokea maji machafu ya machinjio, na chini yake akina mama walichota maji kwenye visima vya mchangani. Chupa za kwanza zilifika siku ileile: zinanuka, amonia nyingi, nitrati kidogo. Za pili zilijazwa palepale kijitoni, lakini petroli ikakosekana, zikakaa Kahama siku nane. Nilipozipima, amonia ilikuwa karibu imekwisha na nitrati imejaa.

Chupa zetu ulizisuuza kwa tindikali, na tindikali ile ikibaki huonekana kwenye kipimo kama nitrati. Basi nikajiona nimejua. Nikamwandikia mkuu wa maabara kwamba mwosha chupa ni mzembe. Sikujiuliza amonia ilikwenda wapi. Wala sikukuuliza wewe.

Ulipoitwa ofisini hukubishana. Ulisema tu, "Maji yalikaa. Maziwa nayo yakikaa yanageuka, na hakuna aliyeyatia kitu." Mkuu akacheka. Mimi nikaangalia sakafu. Ukapewa barua ya onyo na fyekeo, ukafyeke majani uani, mtu mzima wewe, juani. Na kila asubuhi uliniitikia marahaba vilevile. Hilo ndilo lililonichoma.

Maneno yako ya maziwa hayakuniacha. Nikapanda basi hadi Kahama, nikachota maji mwenyewe, nikayagawa. Nusu nikayachemsha, nusu nikayaacha, kwenye chupa nilizoosha kwa mikono yangu. Nikapima kila siku. Yaliyochemshwa hayakubadilika. Yale mengine amonia ilishuka na nitrati ikapanda, kidogo kidogo, mpaka yakafanana na zile chupa zako. Walikuwa bakteria, vijidudu wa tope la kijito, ambao huigeuza amonia kuwa nitrati. Walisafiri na maji, wakaendelea na kazi yao ndani ya chupa.

Nilikuja uani nikapiga magoti. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza kama wanaonekana. Nikakupeleka kwenye hadubini. Vilikuwa vidoa tu, nami sikuweza kukuambia yupi ni yupi. Uliinama pale muda mrefu, jicho moja umeliziba kwa kiganja.

"Kwa hiyo hawa ndio walionipa fyekeo," ukasema, halafu ukacheka mpaka ukatafuta pa kukaa.

Ukarudi kwenye karo. Lakini kumbe yaliyotokea kwenye chupa yalikuwa yakitokea mchangani pia. Maji ya visima vile hayakunuka, watu wakayaona safi, kumbe yamejaa nitrati, nayo kwa mtoto mchanga huzuia damu isibebe hewa. Tuliwaambia akina mama wasiyatumie kuwakorogea watoto maziwa, wakachimbiwa kisima kingine mbali na machinjio. Miezi miwili uliyofyeka majani ndiyo miezi tuliyochelewa kuwaambia. Silisemi hilo kwa wepesi.

Siku hizi chupa za mbali huja kwenye sanduku la barafu. Lakini barua ya onyo ilibaki kwenye faili lako. Nilimwomba mkuu aiondoe, akasema jambo limekwisha, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka, mama, maana kusafisha jina lako kulitaka niandike langu.

Wiki iliyopita Kabula alikuja kuchukua karatasi zako. Akalifungua faili mbele yangu, akasoma. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Mama alikuwa mzembe?"

Nikamwambia yote. Kisha nikakaa mezani, yeye akiwa pale, nikaandika kwamba mzembe nilikuwa mimi, nikaeleza na sababu. Mkuu wa sasa ametia sahihi. Barua yangu iko juu ya ile ya zamani, atakayelifungua faili ataanza nayo.

Kabula alikunja nakala yake akaifunga kwenye pindo la kanga. Alipofika mlangoni akaniambia arobaini ni Jumamosi hii, na kwamba niende mapema, kuna mchele wa kupeta.

Nitakwenda. Pumzika, mama yangu. Nakuahidi kwamba sitaandika tena jina la mtu kabla sijakaa naye nikamsikiliza.

Mwanao wa maabara,
Mwanaidi