Wimbo Uliojengwa Ukutani

Ngarenaro, Arusha
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Anna,

Kabla hata ya salamu, nakuomba uisome barua hii peke yako, na neno lolote lililomo lisitoke chumbani kwako. Hasa binamu Yoeli asijue, maana shemeji yake ni mzee wa kanisa huku.

Shikamoo. Goti linaendeleaje na upepo wa Singida? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na kuku kama kawaida. Nina hofu, Shangazi, na nina furaha, na sijui nianze na ipi.

Unaukumbuka wimbo uliotuimbia tukichuma kahawa, ule usio na maneno? Mwezi uliopita, saa ya chakula, nilibaki ofisini na mchoro wa kanisa dogo linalojengwa juu ya Nkoaranga. Madirisha yake yanapanda na kushuka, nikayaona kama sauti. Nikachora viduara kwa penseli: cha juu kwa sauti ya juu, kikubwa kwa sauti ndefu. Nafasi za nguzo zikawa mapigo. Wimbo wako ulienea kabisa.

Nilikusudia kufuta. Simu ikalia, nikasahau. Nakala zikatolewa, zikagongwa mhuri, na mimi mwenyewe, karani mwangalifu, nikazipeleka kwa mafundi.

Shangazi, wamevijenga! Penye kila kiduara wamepachika kipande cha bomba, kinene au chembamba, na mwanga unapita.

Ijumaa bosi wangu, msanifu Abdulsalam, alinichukua tukapande kuona. Njia nzima nilishikilia mlango wa gari.

“Fundi, matundu haya kakuagiza nani?” bosi akauliza.

“Si nyie wenyewe!” fundi Lomayani akajibu. “Karatasi yenu hii, na mhuri. Nikajua ni ya hewa. Nikasema, hawa wasomi wana mambo!”

Bosi akanigeukia. Nikakiri kwamba ni mimi, na kwamba ni wimbo.

Hapo Nice, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akibeba mchanga na kina mama wenzake, akatua ndoo. “Hebu nyamazeni.” Akanyoosha kidole, akayafuata matundu kutoka kushoto, akaimba. Wimbo wako, Shangazi, kinywani mwa mtu asiyewahi kukusikia! Kina mama wakadakia. Ukuta ulipoisha, Nice akashangaa: “Mbona unakatika?”

Ni kwa sababu nusu ya pili siijui. Mstari wa mibuni ukiisha, sisi watoto tulikimbia, wewe ukabaki ukiimba.

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, “Gadiel, nusu wimbo siwezi kuutetea mbele ya wazee wa kanisa. Leta uliobaki, tuuweke ukuta wa kando. Mafundi wanauanza Ijumaa. Ukikosa, tunaziba yote, halafu tutazungumza habari ya kazi yako.”

Nisalimie Yoeli na mkewe, bila kusema kwa nini nimeandika. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu.

Usipige ofisini. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji na namba zote zikapotea, ndiyo maana nimetuma barua kwa basi. Piga kwa Mama Hafidha, jirani yangu mwenye duka la nyuzi. Namba yake iko nyuma ya bahasha. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, kila siku mpaka Alhamisi, nitakuwa nimekaa pale na penseli. Usijitambulishe. Imba tu, kuanzia pale mwisho wa mibuni.

Mwanao anayekupenda na kukungoja,
Gadiel